Tipu Sultan: Kupima Kabla ya Kuwasha

Ndugu Waislamu, hapa Chala tunakumbuka malungu ambamo wazee wa Kifipa waliyeyusha chuma. Chuma ndicho kilichompa jina Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, India, tangu 1782. Mafundi wake, kama wale wa baba yake Hyder Ali, walishindilia baruti katika mabomba ya chuma. Yalistahimili shinikizo kubwa, na roketi zikafika mbali zaidi. Lakini baruti ikishawaka haizuiliki. Hivyo askari walifunzwa kupima pembe ya kurushia kwanza. Tipu aliuawa tarehe 4 Mei 1799 akiulinda mji wake, Srirangapatna. Waingereza walichukua roketi zake, na William Congreve akaunda za kwao. Mbinu ikawa yao. Funzo libaki letu: hasira nayo ipimwe kabla haijawaka. Wallahu aalam.