Muzee Munzihirwa: askofu wa Kasongo aliyebaki na watu leta ilipokimbia



Safari hii tunaleta maisha ya Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo. Wengi wanamjua kama askofu mkuu wa Bukavu aliyeuawa mwaka 1996. Wachache, hasa vijana, wanakumbuka kwamba kabla ya Bukavu alikuwa wetu hapa Maniema: alikaa Kasongo karibu miaka minane. Tumemchagua kwa sababu katika mabaraza yetu ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli swali ni lile lile kila mwezi. Tumerudi nyumbani, sawa, lakini nani atatulinda? Ukiibiwa unaenda kwa polisi, unaombwa pesa ya karatasi na kalamu. Parseli yako imekaliwa na mwingine, unaenda ofisini, unaambiwa urudi kesho. Muzee Munzihirwa aliishi ndani ya swali hilo maisha yake yote.

Mtoto wa Burhale

Alizaliwa mwaka 1926 kule Lukumbo, upande wa Burhale, katika teritwari ya Walungu, Kivu ya Kusini. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Alipata upadri mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Mwaka 1963 aliingia Shirika la Yesu, hao tunaowaita Wajezuiti. Walimtuma Ubelgiji, kule Louvain, akasoma mambo ya jamii na uchumi. Kwa hiyo alirudi nchini akiwa padri anayejua pia kusoma bajeti, kuuliza mshahara wa askari unapita wapi, na kuona njaa ya kambini inageukaje kuwa wizi wa usiku katika kartye.

Jambo la kwanza lililomfanya ajulikane lilitokea Kinshasa mwaka 1971. Mwezi wa Juni mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Mobutu alikasirika, akafunga chuo, akaamuru wanafunzi waingizwe jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa pale, padri wa miaka kama 45. Yeye hakuguswa na amri ile. Lakini aliomba mwenyewe aandikishwe jeshini pamoja nao, avae nguo ya askari na kulala kambini, ili vijana wale wasiachwe peke yao. Ndivyo alivyofanya hadi mwisho: akiona watu wanaonewa, kwanza anakwenda kukaa nao, halafu ndipo anasema.

Mwaka 1980 Wajezuiti walimpa ukubwa wa jimbo lao la Afrika ya Kati, Zaire pamoja na Rwanda na Burundi. Kwa miaka sita alizunguka nchi hizo tatu. Alijua chuki zilizokuwa zinajificha pande zote za Ruzizi, na hakuzijua kwa kusikia tu.

Miaka ya Kasongo

Mwaka 1986 alifanywa askofu msaidizi wa Kasongo mwenye haki ya kurithi kiti, na mwaka 1990 akawa askofu mwenyewe. Tusisahau Maniema ya siku zile ilikuwaje. Mwaka 1988 ndipo Kivu iligawanywa, na Maniema ikawa jimbo lenye Kindu kama mji mkuu. Watu walifurahi: tuna gavana wetu, tuna ofisi zetu. Lakini ofisi bila mshahara ni nyumba tupu. Barabara ya Kindu kwenda Kasongo, zaidi ya kilomita 200, ilikuwa inaliwa na msitu. Walimu walilipwa na wazazi. Daktari alitibu kwa dawa ambazo mgonjwa amenunua mwenyewe. Na askari, jandarme na gadi sivili walijilipa wenyewe njiani, kwa kizuizi cha kamba na fimbo. Artikle 15, kama watu walivyozoea kusema: kila mtu ajitafutie. Tatizo la artikle 15 ni kwamba mwenye bunduki hujitafutia kwa yule asiye nayo.

Septemba 1991 askari wa Kinshasa walipora mji, na uporaji ukaenea kwenye miji mingine. Mwanzoni mwa 1993 ukarudi tena. Katika miaka hiyo Munzihirwa hakunyamaza. Aliwasema wazi askari waliowanyang'anya watu mali yao, na aliwasema wakubwa waliowaacha bila kula ili wawatumie kuogopesha watu. Kwake mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Askari mwizi ana hatia, lakini kamanda anayekula mshahara wake ana hatia kubwa zaidi, na leta inayojua na kunyamaza haiwezi kujiita leta.

Watu wa Kasongo walimwona anaishi maisha ya kawaida, bila makuu. Wakamwita Muzee. Kwetu jina hilo halipatikani kwa umri peke yake. Unalipata watu wakikuletea ugomvi wao na wakirudi nyumbani wameridhika na ulichowaambia.

Bukavu na wakimbizi

Machi 1994 alitajwa kuwa askofu mkuu wa Bukavu. Mwezi uliofuata mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Mwezi wa Julai zaidi ya watu milioni moja walivuka kuingia Zaire, na laki kadhaa kati yao walijaa Kivu ya Kusini, ndani ya mji wenyewe na katika makambi. Kati yao walikuwa akina mama na watoto wasiojua lolote, na walikuwa pia wauaji wenye silaha zao. Mji wa Bukavu ulikatwa miti, maji yakakosekana, kipindupindu kikaja.

Hapa ndipo maisha ya Muzee yanatugusa sisi waliorudi moja kwa moja. Wakubwa wengi wa wakati ule, wa ndani na wa nje, walitaka jambo moja tu: wakimbizi warudishwe haraka. Agosti 1995 jeshi la Zaire liliwafukuza kwa nguvu wakimbizi kama 15,000 kwa siku chache, wengine wakakimbilia milimani. Munzihirwa alipinga. Msimamo wake ulikuwa kwamba kurudi nyumbani ni haki ya mtu, na haki hailetwi kwa fimbo. Mtu arudi kwa hiari yake, akijua atakuta usalama, na watawala wa kule wakubali kuzungumza na walio nje. Aliandika barua nyingi kwa Umoja wa Mataifa, kwa mabalozi na kwa wakubwa wa nchi za nje. Aliwaeleza kwamba silaha zinaendelea kuingia na kwamba vita vinapikwa. Majibu yalikuwa machache.

Lazima tuseme pia kwamba si wote walimpenda. Watawala wapya wa Rwanda walimwona kama adui. Wengine walimlaumu kwamba aliwatetea wakimbizi kwa sauti kubwa kuliko alivyowasema wauaji waliojificha kati yao. Lawama hiyo bado inazungumzwa, na ndani ya mutuelle yetu pia mawazo hayafanani. Tunaiandika hapa kwa sababu wanachama wetu wametoka pande zote za vita, na hadithi isiyo na lawama hata moja hawataiamini.

Oktoba 1996

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Siku mbili hivi baadaye gavana msaidizi wa Kivu ya Kusini aliwaamuru Wanyamulenge wote waondoke ndani ya wiki moja, sawa vile kabila zima lingeweza kuhukumiwa kwa tangazo moja. Uvira ilianguka. Bukavu ikajua zamu yake inakuja. Wakubwa wa leta na maofisa wa jeshi walipakia magari wakaondoka, na askari waliobaki walipora mji waliotakiwa kuulinda.

Muzee alibaki. Kwa siku zile hakukuwa na gavana, polisi wala mahakama, na watu walikwenda kwa askofu kuuliza wafanye nini. Aliwaomba watulie, wasiumizane, wasaidiane kwa chakula. Aliandika tena kuomba dunia iingilie kati. Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa pale Nyawera, katikati ya mji, na wapiganaji waliokuwa wanaingia Bukavu, wa AFDL na wa jeshi la Rwanda. Alishuka akiwa ameshika msalaba wake mkononi. Walimpiga risasi, na waliokuwa naye waliuawa pia. Mwili wake ulibaki barabarani mpaka wanafunzi wa upadri walipothubutu kwenda kuuchukua. Alizikwa kwenye kanisa kuu la Bukavu. Alikuwa na miaka 70.

Vita havikusimama pale. Mwanzoni mwa 1997 vilifika Kindu. Mwaka 1998 vilirudi kwa jina lingine, na mambo ya 2002 na 2003 kila familia hapa inayajua bila kuambiwa. Aliyechukua kiti chake Bukavu, Emmanuel Kataliko, alifukuzwa mjini na waasi wa RCD mwaka 2000, akafa mwaka huo huo.

Faili ambayo haijafunguliwa

Mpaka leo hakuna mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu kwa kifo cha Munzihirwa. Kanisa lilifungua kesi yake ya utakatifu mwaka 2016, miaka 20 baada ya kuuawa. Kesi ya mauaji yake haijafunguliwa. Kwa Rwanda, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama kule Arusha mwaka 1994. Kwa Kongo haikuundwa mahakama ya namna hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye haiwezi kuhukumu mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010 ilihesabu matukio mazito 617 nchini kwetu kati ya 1993 na 2003, na Maniema imo ndani yake. Lakini ripoti si hukumu.

Ikiwa faili ya askofu mkuu imelala hivi, mama wa Alunguli aliyepoteza bwana na parseli atasema nini? Tunalisikia swali hili kila wiki, na hatutaki kulijibu kwa maneno matamu. Kuna milango iliyofunguka kidogo. Tangu sheria ya Aprili 2013 mahakama za rufaa za raia zinaweza kuhukumu uhalifu wa vita, si mahakama za kijeshi peke yake. Mwaka 2011 kule Baraka mahakama ya kijeshi iliyohamia mpaka mahali pa tukio ilimhukumu luteni kanali miaka 20 kwa ubakaji wa Fizi, na mashahidi walikuwa akina mama wenyewe wa kule. Sheria ya Desemba 2022 imeunda mfuko wa taifa, FONAREV, kwa fidia ya wahanga. Milango hii haifunguki kwa mtu asiye na karatasi wala shahidi.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo haya:

Mosi, andikeni. Jina la aliyeuawa, mahali, tarehe au hata msimu, nani aliona. Leteni kwa katibu wa kikundi chenu, ataweka nakala mahali salama. Muzee aliandika barua hata wakati hakuna aliyejibu, na leo barua hizo ni ushahidi.

Pili, msiende peke yenu. Mwanachama anayeitwa na polisi au anayefuata parseli yake aende na wenzake wawili wa mutuelle, wasalimie kwa heshima, waombe PV iandikwe na wasomewe kabla ya kutia sahihi. Mwenye kwenda peke yake ndiye anayeombwa pesa.

Tatu, tusihukumu kabila. Tunatafuta aliyetenda, kwa jina lake. Tangazo la Oktoba 1996 lilitufundisha mwisho wa njia ile nyingine.

Na ninyi wafadhili, mnapoulizwa msaada wenu unafanya nini, jibu liko katika vitu vidogo: daftari, fotokopi, nauli ya pirogi kwa shahidi wa ng'ambo, siku moja ya avoka. Tunajua havipendezi katika picha kama nyumba mpya ya bati. Lakini nyumba ya bati bila sheria, wenye nguvu wataichukua tena, na mwenyewe atarudi njiani.

Tarehe 29 Oktoba kila kikundi kitakaa baraza lake kama kawaida. Mwaka huu tunaomba siku hiyo itumike kuandika majina. Atakayekuwa na jina lolote la ndugu aliyeanguka, hata kama hajui kusoma, aje. Katibu atamwandikia.