Benjamin Franklin na Mazoezi ya Sentensi

Benjamin Franklin (1706–1790), mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alisoma shuleni miaka miwili tu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa uanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake James, mjini Boston. Huko alizoea tahajia na alama za uandishi. Nasi walimu aghalabu huridhika mwanafunzi afikapo hapo. Baba yake hakuridhika. Alipozisoma barua ambazo kijana aliandikiana na rafiki yake wakibishana juu ya elimu ya wanawake, alimwonyesha kwamba hazikuwa na mpango, uwazi wala mvuto.

Baadaye Franklin alipata juzuu moja ya The Spectator, gazeti la London. Alichagua makala, akaandika kwa kifupi wazo la kila sentensi, akayaweka kando siku chache. Kisha, bila kutazama kitabu, aliziunda sentensi upya kwa maneno yake, akazilinganisha na za mwandishi na kuyasahihisha makosa yake. Pengine aliyavuruga mawazo yale makusudi, na baada ya majuma kadhaa akajaribu kuyapanga. Tuangalie kwamba alishughulikia sentensi mojamoja, lakini kila moja ilikuwa na mahali pake katika habari nzima. Mazoezi yetu ya kujaza mapengo hukosa jambo hilo.

Mwaka 1722 aliandika barua 14 kwa jina la mjane wa kubuni, ya kwanza akaipenyeza usiku chini ya mlango wa kiwanda. James alizichapa gazetini, asijue kuwa mwandishi ni mdogo wake.