Daktari aliyeiona saratani kabla haijajitokeza

WANAWAKE wengi wanaofika kliniki kuchunguzwa saratani ya mlango wa uzazi hulisikia jina lake likiwa limekatwa. Muuguzi huwaambia kuwa watafanyiwa kipimo cha Pap, na ni wachache mno wanaojua kuwa Pap ni kipande cha jina la binadamu: Mgiriki aliyezaliwa kisiwani, akauza mazulia jijini New York, kisha akatumia takriban miaka ishirini kuuchungulia ute wa mkewe kwa hadubini.

George Papanicolaou alizaliwa Mei 13, 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kisiwani Euboea, nchini Ugiriki. Babake, Nikolaos, alikuwa daktari na mwanasiasa. Mamake, Maria, alikuwa mpenzi wa fasihi na muziki. Kijana alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Athens mwaka wa 1904, akiwa na umri wa miaka 21. Mzee alitarajia mwanawe angefuata nyayo zake na kuwatibu wagonjwa, lakini kijana alivutiwa zaidi na sayansi yenyewe, namna uhai unavyoanza na kukua. Akaenda Ujerumani, na mwaka wa 1910 akatunukiwa shahada ya uzamifu mjini Munich kwa utafiti kuhusu jinsia ya viumbe vidogo vya majini.

Mwaka uo huo alimwoa Andromachi, binti wa afisa wa jeshi. Baada ya kuhudumu kama tabibu katika Vita vya Balkani, George na mkewe walipanda meli, na mnamo Oktoba 1913 wakashuka New York. Mkononi walikuwa na dola 250, kiasi ambacho wahamiaji walitakiwa kuonyesha ili waruhusiwe kuingia. Andromachi, ambaye huko alikuja kuitwa Mary, alipata kibarua cha kushona vifungo katika duka kubwa. Mumewe, daktari mwenye shahada mbili, aliwekwa kwenye mazulia. Hakudumu. Alipiga fidla mikahawani, akafanya ukarani katika gazeti la Wagiriki, hadi mwaka wa 1914 alipopata nafasi katika idara ya anatomia ya Chuo cha Tiba cha Cornell chini ya Profesa Charles Stockard.

Kazi aliyopewa ilihusu simbilisi, wale wanyama wadogo wafananao na panya. Papanicolaou alihitaji mayai ya majike katika saa mahususi ya kukomaa, na njia iliyokuwapo ilikuwa kumchinja mnyama kwa kubahatisha. Alichukizwa na upotevu huo. Aliwaza kuwa huenda majike wa simbilisi hutokwa na kitu kwa vipindi kama wanawake, ila kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Akatwaa kifaa kidogo cha kupanulia tundu za pua, akakitumia kuchota ute wa mnyama, akaupaka juu ya kioo na kuutazama. Kumbe humo mlikuwa na kalenda kamili! Seli zilibadilika umbo na wingi siku baada ya siku, na aliyejua kuzisoma aliweza kuitaja siku ya mnyama bila kumgusa kwa kisu. Yeye na Stockard walichapisha matokeo hayo mwaka wa 1917, na watafiti wa homoni kote duniani wakayapokea kwa shangwe.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwendea binadamu, na binadamu wa kwanza alikuwa Mary. Kwa miaka mingi alitoa sampuli za ute wake, karibu kila siku. Mchana alimsaidia mumewe maabarani, na jioni akaendesha nyumba ambayo haikuwa na watoto wala likizo. Vitabu vya historia humtaja Mary kwa sentensi moja au mbili. Mwandishi wa makala haya haoni jinsi kazi ile ingewezekana bila yeye.

Katika miaka ya 1920 Papanicolaou aliongeza wanawake wengine, wakiwemo wagonjwa wa Hospitali ya Wanawake jijini New York. Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulitafuta. Katika ute wa wanawake wenye saratani aliona seli zilizoharibika wazi: viini vikubwa kupita kiasi, vyeusi, visivyo na mpangilio. Uvimbe ulikuwa ukipukutisha seli zake kama mti upukutishavyo majani, na majani hayo yaliweza kuokotwa bila kuukata mti.

Januari 1928 aliwasilisha ugunduzi wake katika kongamano mjini Battle Creek, jimbo la Michigan. Lilikuwa kongamano la watu waliojishughulisha na fikra potofu za kuboresha vizazi vya binadamu, si jukwaa ambalo mabingwa wa saratani wangelitega sikio. Hotuba yenyewe ilichapishwa vibaya, imejaa makosa. Wataalamu wa tishu hawakuona haja ya kuhangaika na seli zilizodondoka ilhali wangeweza kukata kinofu cha nyama na kukichunguza. Ikumbukwe pia kwamba katika miaka iyo hiyo Aurel Babeș, daktari wa Bucharest nchini Romania, alikuwa amefikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe, na ni haki jina lake litajwe.

Papanicolaou alirudi kwa simbilisi wake. Zaidi ya miaka kumi ilipita. Mwaka wa 1939 Stockard alifariki, na mkuu mpya wa idara, Joseph Hinsey, akamruhusu aifufue kazi ile. Safari hii alishirikiana na Herbert Traut, bingwa wa magonjwa ya wanawake, na wakaweka utaratibu kwamba kila mwanamke aliyelazwa katika wodi hiyo achukuliwe sampuli, awe na dalili au asiwe nazo. Katika vioo hivyo walikutana na saratani ambazo hakuna aliyezishuku. Makala yao ya 1941 na kitabu chao cha 1943 viliubadilisha msimamo wa madaktari. Papanicolaou alikuwa pia amebuni rangi za kupaka seli ili zionekane waziwazi, rangi ambazo zingali zinatumika maabarani.

Sifa zilimjia uzeeni. Mwaka wa 1950 alipewa Tuzo ya Lasker. Ile ya Nobel hakuipata. Mwaka wa 1961 alihamia Miami kuongoza taasisi ya saratani, na miezi michache baadaye, Februari 19, 1962, moyo wake ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka 78. Taasisi ile ikapewa jina lake.

Wakati huo kipimo chake kilikuwa tayari kimetoka hospitalini na kuwa mpango wa umma. Jimbo la British Columbia nchini Canada lilianza mwaka wa 1949, na Finland ikafuata katika miaka ya 1960 kwa kuwaandikia barua wanawake waje wapimwe. Vifo vilipungua sana. Saratani hii huchukua miaka kumi na hata ishirini kukomaa, hivyo anayechunguzwa kwa ratiba hukutwa mapema.

Lakini kipimo hiki kina mtego ambao New York haikuuona. Kijiti na kioo ni vitu vya bei nafuu. Ghali ni yale yanayofuata: msafirishaji wa vioo, maabara yenye rangi, mtaalamu aliyefunzwa kusoma seli, na mtu wa kumtafuta mwanamke majibu yanapotoka. Mama aliyetembea kilomita 20 hadi zahanati na kuambiwa arudi baada ya wiki sita, mara nyingi harudi. Nchi kadhaa za Amerika ya Kusini, Asia na Afrika zilijaribu kuiga mpango wa Ulaya, zikaishia kupima wanawake wa mijini, tena wale wale kila mwaka. Ndiyo maana, kati ya vifo takriban 342,000 vilivyokadiriwa duniani mwaka wa 2020, karibu asilimia 90 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Kenya makadirio ya mwaka huo yalikuwa vifo zaidi ya 3,200.

Jawabu moja lilitoka jikoni. Asidi ya siki ikipakwa kwenye mlango wa uzazi, baada ya dakika moja sehemu zenye kasoro hugeuka nyeupe, na muuguzi huziona kwa macho na anaweza kuzigandisha kwa baridi kali siku iyo hiyo. Wala si uvumbuzi mpya: Mjerumani Hans Hinselmann aliitumia asidi hiyo pamoja na kioo cha kukuza tangu miaka ya 1920. Utafiti uliofanywa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kuwa wakunga wanaweza kuifanya kazi hiyo. Mjini Mumbai, India, wahudumu waliofunzwa kwa wiki nne tu waliwapima wanawake kwa njia hiyo, na matokeo ya 2013 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 31. Hata hivyo, jicho huchoka na jicho hukosea. Wengi hutibiwa bila kuwa na tatizo.

Mary Papanicolaou alifariki mwaka wa 1982. Mwaka uliofuata, kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilitambua kirusi aina ya 16 katika saratani hiyo. Mumewe alikuwa ameyaona madhara ya kirusi maisha yake yote bila kumjua mhusika. Kutokana na ujuzi huo ilipatikana chanjo, ambayo Rwanda ilianza kuwapa wasichana wake mwaka wa 2011 na Kenya mwaka wa 2019, na kikapatikana pia kipimo cha kukisaka kirusi chenyewe, ambacho tangu 2021 Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kitangulizwe. Sampuli yake mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Maabara bado inahitajika, na mtu wa kumpelekea majibu bado anahitajika.