Kanumba, staa aliyependa mechi za ugenini

Mnazi wa soka wa Tunduma aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua ratiba. Wikiendi ni mpira wa Ulaya. Siku zisizo na mechi, runinga ileile na mabenchi yaleyale vinahamia kwenye filamu za Kibongo. Enzi hizo, Tunduma ikiwa bado Mkoa wa Mbeya, jina la Steven Kanumba kwenye kava lilitosha kujaza kibanda.

Alizaliwa Shinyanga, Januari 8, 1984. Dar es Salaam alipitia Kaole Sanaa Group, kundi lililoonekana ITV. Kwa waigizaji wa kizazi kile Kaole ilikuwa kama timu ya vijana: unapewa kipande kidogo, unasubiri benchi, ukizingua anaingia mwingine. Humo alikuwa na Vincent Kigosi 'Ray'. Walicheza wote Johari, kisha Oprah ya 2008, huku mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga. Ukiwa wa Ray, filamu ya Kanumba unaitazama ili upate cha kukosoa.

Lakini ligi ya nyumbani haikumtosha. Wababe wa filamu Afrika walikuwa Wanigeria, kanda zao zimejaa kila mtaa, na waigizaji wengi wa hapa waliridhika kuwaiga. Kanumba akawafuata. Mwaka 2006 ikatoka Dar to Lagos, akiwa na Mercy Johnson. Kwa wakati ule ilikuwa kama mchezaji wa Ligi Kuu Bara kusikika anafanya majaribio Ulaya.

Ugenini kuna vipigo pia. Mwaka 2009 aliingia kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, na Kiingereza chake kikageuzwa kichekesho nchi nzima. Walicheka hadi wasioweza kuomba maji kwa lugha hiyo. Hapo ndipo ustaa unapouma. Mchezaji akiwa na siku mbaya anaweza kujificha nyuma ya wenzake kumi, dakika 90 zikaisha. Mwigizaji anayebeba kava peke yake hana pa kujificha, kosa lake linarudiwa kila runinga inapowashwa.

Jamaa hakunyamaza. Aliendelea kutoa kazi, tena nyingi kwa majina ya Kiingereza, na 2011 akatoka na Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah, mmoja wa mastaa wakubwa wa Nigeria. Filamu zake zikavuka mipaka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi, halali na feki. Nakala za wizi zilimpa mashabiki, fedha zikaenda kwa wengine.

Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, alifariki nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28, umri ambao mshambuliaji ndiyo kwanza yuko kwenye ubora wake. Kesi ya kifo hicho ilikuja kuamuliwa Mahakama Kuu Novemba 2017, ambapo msanii mwenzake alihukumiwa miaka miwili kwa kuua bila kukusudia.

Aprili 10, viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilifurika kuliko mechi nyingi za ligi. Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo. Watu walizimia wakabebwa juu kwa juu, na wengi waliondoka bila kuuona mwili. Akazikwa makaburi ya Kinondoni.