Mwokoaji si Mwokozi: Somo la Annalena Tonelli

Lugha yetu ina hazina ambayo aghalabu twaipita bila kuiangalia. Kutokana na kitenzi okoa, Kiswahili kimezaa majina mawili ya mtenda. La kwanza ni mwokozi, kama vile lea lilivyozaa mlezi. La pili ni mwokoaji, kama vile soma lilivyozaa msomaji. Kisarufi yote mawili ni sahihi. Kimatumizi yameachana njia. Wakristo walilitenga lile la kwanza, wakaliandika kwa herufi kubwa na kumpa Kristo. La pili likabaki la binadamu: mtu wa zimamoto, muuguzi wa zamu ya usiku, kijana wa Msalaba Mwekundu anayejipenyeza ndani ya basi lililopinduka. Nakusudia kuonyesha kwamba tofauti hii ndogo ya viambishi ina dawa ndani yake, na maisha yanayoidhihirisha vyema kuliko yote niyajuayo ni ya mwanamke mmoja aliyeishi kaskazini mwa Kenya, marehemu Annalena Tonelli.

Naandika nikiwafikiria watu wa Isiolo. Mji huo ndio lango la kaskazini. Hapo ndipo msafiri wa Marsabit na Moyale anapoagana na msafiri wa Wajir na Mandera. Yanayotokea katika nyika hiyo pana, yawe ni mapigano ya mifugo, ukame, mafuriko ya ghafla au ajali za barabarani, mara nyingi huishia kugonga mlango wa Isiolo. Wanaokimbilia majeruhi ni wauguzi, askari, madereva wa ambulensi na vijana wa kujitolea, Waislamu na Wakristo bega kwa bega. Twawashangilia leo, kesho twawasahau. Usingizi ukiwapaa, wakishtuka kila mlango unapobamizwa, wengine wakitafuta faraja katika chupa, twasema kwamba hao ni dhaifu. Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Swali ni nani basi atakayemganga.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, nchini Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Alisomea sheria, na angeweza kuishi maisha ya wakili mwenye nafasi yake. Badala yake alifika Kenya mwaka 1969, akafundisha kwanza katika eneo la Nyeri, kisha mwaka uliofuata akaelekea Wajir. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote la kidini. Alikuwa Mkristo wa kawaida aliyevutiwa na mfano wa Charles de Foucauld, yule Mfaransa aliyeishi kwa sala na ukarimu miongoni mwa Waislamu wa jangwa la Sahara hadi alipouawa mwaka 1916.

Huko Wajir alikuta kifua kikuu kikiwamaliza wafugaji. Matibabu ya siku zile yalikuwa ya muda mrefu mno, na mfugaji hawezi kuufunga ukame kamba ili amalize dozi. Ngamia wakihama, mgonjwa naye huhama, na ugonjwa humrudia. Annalena hakuwalaumu wagonjwa. Aliwaruhusu wajenge makao yao karibu na mahali pa matibabu, wakaishi humo kwa desturi zao huku wakimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Kuanzia mwaka 1976 alisimamia mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji kwa dozi ya miezi sita. Njia hiyo ya kumshuhudia mgonjwa akimeza dawa ilikuja baadaye kupendekezwa duniani kote. Aidha, yeye na wanawake wenzake wachache kutoka Italia walianzisha kituo cha kuwarekebisha viungo watoto waliolemaa.

Kisha ukaja mwezi wa Februari mwaka 1984. Tarehe 10 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa humo kwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji. Wengi waliteswa, wengi wakapigwa risasi, na maiti zikatupwa nyikani. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema waliouawa walikaribia 1,000.

Annalena alikwenda kuwatafuta. Pamoja na wakazi wa Wajir waliothubutu, aliwakusanya waliokuwa bado wanapumua, akawafunga vidonda, akasaidia kuwazika waliokufa. Alihakikisha pia kwamba habari na ushahidi vimewafikia wanadiplomasia waliokuwa Nairobi, ili ulimwengu usidanganywe. Gharama yake haikuchelewa: mwaka 1985 alilazimika kuiaga nchi aliyoitumikia kwa miaka kumi na sita.

Hapa ndipo napenda msomaji atue kidogo. Mtu aliyeokota maiti za watu aliowajua kwa majina, watu ambao huenda aliwatibu kifua kikuu kwa miezi sita ili wapone, alikuwa na kila sababu ya kuvunjika moyo. Kazi ya miaka mingi ilifutwa kwa siku nne au tano. Kama angejiona ndiye mwokozi wa Wajir, Wagalla ingekuwa ushahidi kwamba ameshindwa, na aliyeshindwa namna hiyo hana pa kurudi.

Lakini Annalena hakuwahi kujipa cheo hicho. Tangu miaka ya Wajir, yeye na wenzake walikuwa na mahali pa upweke walipokwenda kunyamaza na kusali. Baada ya kufukuzwa alitumia muda katika makao ya namna hiyo nchini Italia. Aliamini kwamba katika mgonjwa alikutana na Kristo mwenyewe, na kwamba mwisho wa mambo uko mikononi mwa Mungu. Imani hiyo ilimpunguzia mzigo mmoja tu, nao ndio unaoua: mzigo wa kudhani kwamba kila anayekufa amekufa kwa kosa lako. Huzuni yenyewe alibaki nayo. Aliipeleka mbele ya Mungu kwa ukimya, kisha akarudi kazini.

Naye alirudi kweli. Alikwenda Somalia, akafanya kazi Beledweyne, Mogadishu na Merca wakati nchi ile ikisambaratika. Daktari Mwitaliano aliyeshika nafasi yake huko Merca, Graziella Fumagalli, aliuawa mwaka 1995. Mwaka uliofuata Annalena alianza upya Borama, kaskazini magharibi. Aliendesha hospitali ya kifua kikuu, akafungua shule ya watoto viziwi, akapambana na ukeketaji. Mwezi wa Juni 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa huduma yake kwa wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake, akiwa na umri wa miaka 60. Mabaki yake yalirudishwa Wajir. Isiolo nayo iliyaonja machungu ya aina hiyo tarehe 14 Julai 2005, Askofu Luigi Locati alipouawa.

Kuna atakayeuliza iwapo nawahimiza waokoaji wetu wasali tu na kuacha ushauri nasaha. La hasha. Annalena hakutibu kifua kikuu kwa sala. Alisomea maradhi ya nchi za joto, ukoma na kifua kikuu yenyewe, akatumia dawa. Jeraha la moyo nalo lina wataalamu wake, na mwajiri asiyewatafutia waokoaji wake wataalamu hao anakwepa wajibu. Kuna pia atakayesema kwamba dini imeleta utengano kaskazini. Jibu ni maisha yenyewe: Annalena aliishi miongo mitatu miongoni mwa Waislamu bila kumshawishi mtu abadili dini, na waliomlilia zaidi ni Waislamu. Imani yake ilikuwa mzizi wake, haikuwa fimbo. Mwokoaji Mwislamu naye ana chemchemi yake, na anayo haki ya kupewa muda wa kuchota humo.

Nawaomba walimu wa Isiolo na kwingineko walisimulie jina hili darasani wanapofundisha historia ya Wagalla. Nawaomba viongozi wa makanisa watenge mahali na saa ambapo muuguzi au kijana wa ambulensi aweza kuketi na kunyamaza, au kulia, bila kuhojiwa wala kusifiwa. Sifa nyingi tunazowamwagia zina hatari yake, kwani humfanya mtu aone aibu kukiri kwamba amechoka. Mwanafunzi anayeota kuvaa fulana ya Msalaba Mwekundu na ajue mapema kwamba wapo atakaowakosa licha ya mbio zake zote. Kiambishi cha -aji humtaja mtu ambaye kutenda ndiko desturi yake: hutenda leo, akapumzika, akatenda tena kesho. Hakimdai zaidi ya hapo.