Saada, Kijakazi wa Fumo Liyongo

Mwanafunzi mwenzangu, kabla hujaruka kurasa ukatafute vitendawili na vichekesho, nipe dakika chache tu. Nataka kukusimulia habari za msichana ambaye umemsoma darasani, ukamjibia maswali kwenye mtihani, halafu ukamsahau. Hata mimi nilikuwa nimemsahau, mpaka siku nilipolazimika kuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Chama chetu cha Kiswahili kiliamua kuigiza kisa cha Fumo Liyongo katika mashindano ya michezo ya kuigiza kule Embu. Mimi nilitaka kuwa Mbwasho, mama yake Liyongo, yule anayelia kisimani mpaka watu wanatoa vitambaa. Lakini wapi! Nikapewa leso na sinia, nikaambiwa wewe ni Saada. Unaingia mara mbili, unatoka mara mbili, basi. Wavulana wa nyuma ya darasa, wale wanaosoma vitabu vya katuni chini ya dawati wakati wa prepu, wakanipachika jina la Robin. Kila nikipita, eti, Robin, Batman yuko wapi?

Kwa wasiomjua, Robin ni yule kijana anayemfuata Batman katika katuni za Kimarekani. Alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1940. Jina lake halisi ni Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi waliouawa, na Batman akamchukua akamlea. Waandishi walimhitaji kwa sababu nyepesi kabisa: Batman alikuwa peke yake mno, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Hapa kwetu nako, miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, watu walisoma sana lile gazeti la picha la Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na sigara, na yeye pia alikuwa na kijana wake, Lemmy. Babu yangu akisikia jina la Spearman husahau hata chai yake ikapoa. Lakini ukimuuliza habari za Lemmy, anafikiri kwanza.

Basi nilikasirika, kisha nikaenda maktaba. Kama lazima niwe Saada, angalau nimjue.

Habari za Liyongo zimeandikwa tangu zamani. Edward Steere alizichapisha katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka wa 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi mwaka wa 1913. Liyongo mwenyewe aliishi lini? Wataalamu hawapatani. Wako wanaosema karne ya 13, wako wanaomsogeza mbele hata karne ya 16 au 17. Wanalokubaliana ni mahali: pwani ya kaskazini, Pate na sehemu za Shaka na Ozi, pale Mto Tana unapoingia baharini. Kaburi lake watu huonyeshwa upande huo wa Ozi, karibu na Kipini.

Alikuwa jitu la mtu, shujaa wa vita, bingwa wa upinde na tena malenga. Wagala walipofika Pate kununua chakula, mfalme Daudi Mringwari akawasifia mtu wake, nao wakataka kumwona. Liyongo akaja na mkoba begani. Kabla ya kuingia mjini alipiga pembe mara tatu. Alipofungua ule mkoba wakatoka kinu na mchi, vyungu vya kupikia na mafiga. Wagala wakashangaa mno, wakaomba mbegu yake. Akaozwa binti wao, akazaa mtoto wa kiume. Mkumbuke huyo mtoto, nitarudi kwake.

Sifa zikazidi, na hapo ndipo matata yakaanza. Mfalme akaogopa kwamba mtu wa namna hii ipo siku atautaka ufalme. Akawaahidi Wasanye na Wadahalo fedha wamuue msituni. Wakabuni hila: kila siku mmoja apande mkoma aangushe makoma, na zamu ya Liyongo ikifika, wampige mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alichukua upinde, akayaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. (Jambo hili tulishindwa kuliigiza. Mkoma wetu ulikuwa mgomba, nao uliangukia wapiga ngoma.)

Mwishowe alikamatwa, akatiwa gerezani Pate, mikono na miguu katika minyororo, walinzi mlangoni. Ikaamuliwa auawe. Na sasa, msomaji, mtazame vizuri shujaa wetu. Nguvu zile zote, upinde ule, pembe ile, hakuna hata kimoja kinachomfaa. Anayeingia na kutoka gerezani ni kijakazi mmoja tu, Saada, anayeleta chakula kutoka kwa Mbwasho.

Na hata hicho chakula kilikuwa hakimfikii. Kikiwa kizuri walinzi wanakila wao, makombo ndiyo yanamwendea mfungwa. Hapo Liyongo akapata wazo. Akampa Saada ujumbe, akaufunga katika shairi, auchukue kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Wishwa ni yale makapi ya nafaka. Ni chakula cha watumwa, na walinzi hawangeukubali.

Hebu fikiria njia ile. Mimi niliifikiria sana nikiwa jukwaani na sinia langu. Kwanza ni lazima ubebe maneno kichwani, usiyapoteze wala usiyaseme kwa mtu mwingine njiani. Siku ya pili ubebe mkate wenye chuma ndani. Uzito wake si wa mkate. Unapita mbele ya walinzi, na uso wako ni uso wa kila siku. Mkono ukitetemeka kidogo tu, Liyongo amekwisha, na wewe pia. Walinzi wakautazama mkate, wakaudharau, wakampisha. Walimpisha kwa sababu mkate ulikuwa wa kitumwa na aliyeubeba alikuwa mtumwa.

Liyongo akaomba kabla ya kufa achezewe gungu, ngoma ya watu wa heshima, na watu wakaja na matari, matoazi na pembe. Makelele yalipopanda, akawa anakata chuma kwa tupa. Hakuna aliyesikia. Alipomaliza alitoka, akaenda zake msituni.

Sasa yule mwanawe. Mfalme akamwita kijana, akamwahidi cheo na binti yake amwoe, mradi aijue siri ya baba. Akaenda, akamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo alihisi, hakuwa mjinga, lakini mtoto ni mtoto. Akamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana akapewa sindano, akarudi, akangoja baba alale. Liyongo aliamka na maumivu, akashika upinde, akaenda mpaka karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akaweka mshale tayari. Akafa hivyo hivyo. Watu walikaa siku kadhaa bila maji wakidhani bado yu hai, mpaka mama yake akaletwa ambembeleze, na mwisho maiti ikaanguka. Kijana hakupata binti wala cheo. Aliugua, akafa.

Vijana wawili walimkaribia shujaa huyu kuliko askari yeyote. Mmoja, damu yake mwenyewe, alipewa siri akaiuza. Mwingine, aliyenunuliwa yeye mwenyewe au wazazi wake, alipewa siri akaitunza. Sijui kama waliotunga walikusudia, lakini mimi nikisoma naona hivyo.

Katika mazoezi mwenzetu mmoja wa Runyenjes aliuliza, haya mambo ya Wapwani yanatuhusu nini sisi wa Meru na Embu? Swali zuri. Upande wa Embu wenyewe watajijibia. Sisi Wameru tunasimuliwa na wazee kwamba tulitoka Mbwaa, kisiwa au nchi iliyo karibu na maji makuu, na wako watafiti wanaopaona kuwa Manda, hapo hapo Lamu, jirani ya Pate. Huko, wazee wanasema, tulikuwa watumwa wa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Wakatupa majaribu yasiyowezekana: tutoe tunda shimoni bila kuingia, tutengeneze kiatu chenye manyoya juu na chini, tufue mkuki wa kufika mbinguni. Tunda lilitolewa kwa kumimina maji shimoni likaelea. Kiatu kikakatwa kwenye ngozi ya shingo ya ng'ombe, ile inayoning'inia, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Huo wa mkuki haukuwezekana, ndipo Koomenjue akawatoa watu usiku, wakavuka maji. Ukiyaamini au usiyaamini, Saada si mgeni kabisa kwetu.

Kilichoniudhi ni kimoja. Nilitafuta katika utenzi baada ya Liyongo kutoroka, Saada alikwenda wapi? Hayumo. Walinzi walipoukuta mnyororo umekatwa, hawakukumbuka mkate? Liyongo aliyekata pingu zake, alikumbuka kwamba aliyemletea tupa bado ni mtumwa? Kimya. Robin alikua, na mwaka wa 1984 akapewa jina lake mwenyewe, Nightwing. Robin wa pili, Jason Todd, mwaka wa 1988 wasomaji waliombwa wapige simu waamue aishi au afe. Waliotaka afe walikuwa 5,343, waliotaka aishi 5,271. Walikuwa wakatili, ndiyo, lakini angalau waliulizwa. Saada hakuna aliyemuuliza wala aliyeulizwa juu yake.

Nikamwendea mwalimu wetu mlezi. Nikamwambia, mwalimu, naomba niingie mara ya tatu. Akauliza, uingie useme nini? Nikamwambia sitasema kitu, nitasimama tu kisimani kando ya Mbwasho. Akafungua kitabu, akasoma kimya kimya, akafungua tena kurasa za nyuma. Kisha akasema utenzi haukusema alikuwepo, wala haukusema hakuwepo. Akaniambia nije na sinia.