Askofu Steere na Herufi za Risasi

Mtoto apitaye leo katika njia za Posta, Dar es Salaam, huona vitabu vya Kiswahili vikiuzwa, wala hashangai. Zamani haikuwa hivyo. Waswahili walijua kuandika tangu kale kwa herufi za Kiarabu, lakini kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na nakala zilikuwa chache.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisoma sheria, kisha akawa kasisi. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Mwaka huo huo Seyyid Majid aliwapa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wao wa kwanza.

Steere aliketi na wenyeji, akawauliza maneno, akasikiliza hadithi zao, akaziandika. Tena misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana wakafundishwa kazi yake.

Kazi hiyo yataka uangalifu. Herufi ni vipande vidogo vya risasi, na sura yake imegeuzwa kama maandishi yaonekanayo katika kioo. Fundi huzipanga moja moja, mstari kwa mstari, akazifunga pamoja, akazipaka wino. Kisha karatasi huwekwa juu, ikakandamizwa. Mtambo hauna akili: hutoa kile kilichopangwa, basi. Herufi moja ikikosewa, karatasi mia zitakosewa vilevile. Kwa hiyo karatasi ya kwanza husomwa na kusahihishwa kabla ya nyingine kupigwa. Hivyo watoto waliohesabiwa kuwa bidhaa walikuwa mafundi wa maneno.

Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, na kingine cha hadithi za Unguja. Mwaka 1874 akawekwa kuwa askofu. Alifasiri Agano Jipya, akajenga kanisa kuu Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alifariki Agosti 1882, akazikwa katika kanisa hilo, nyuma ya altare.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu.

Siku hizi mashine za umeme hupiga chapa kurasa nyingi kwa dakika moja. Lakini nazo hutoa kile zilichoamriwa tu. Basi, mwanafunzi, usome mstari wako kwanza, ndipo uutoe mbele ya watu.